Dipu webu sio daki webu: jinsi ya kuzitofautisha ukiwa na simu yako tu

Kuna ile picha ya mlima wa barafu inayozunguka kwenye magrupu, juu kidogo wameandika Google na Facebook, chini ya maji dipu webu, chini kabisa kwenye giza daki webu na fuvu la kichwa pembeni, halafu aliyeforwadi anaongezea kwamba asilimia 96 ya intaneti ni ya wahalifu. Hiyo picha imewapoteza watu wengi sana na naomba tuiweke pembeni kabisa, maana ukichanganya hivi vitu viwili unaishia kuogopa kitu ambacho hujawahi kukigusa, na kile unachokitumia kila siku unakiacha wazi.

Tuanze na dipu webu. Ni peji yoyote ya intaneti ambayo ukisachi Google haitokei, basi, hakuna uchawi. Google wana roboti zao zinazopita kwenye tovuti, zinafuata linki moja mpaka nyingine na kusoma zinachokikuta, sasa kuna sehemu haziingii. Imeili zako za Gmail ni dipu webu. Salio lako ukilogini kwenye tovuti ya benki, akaunti yako ya eCitizen kama uko Kenya, akaunti ya mkopo wa chuo pale HESLB kama uko Tanzania, mafaili yako ya Google Drive, yote hayo ni dipu webu na umeshaingia humo leo asubuhi bila kujua. Na sio lazima kuwe na paswadi, ukienda kwenye tovuti ya shirika la ndege ukajaza Dar kwenda Mwanza na tarehe, ile peji ya bei inatengenezwa muda huohuo kwa ajili yako, na roboti kwa kawaida haikai kujaza fomu kwa hiyo hata haijui kama peji hiyo ipo.

Hizi habari za ukubwa zilianza kitambo. Mwaka 2001 Mmarekani anaitwa Michael Bergman aliandika makala akakadiria kwamba dipu webu ni kubwa mara 400 mpaka 550 kuliko intaneti ya kawaida. Alichokuwa anakihesabu ni madatabesi, ya taasisi za serikali, vyuo, makampuni, takwimu za hali ya hewa na vitu kama hivyo. Watu wakachukua ukubwa huo wakaubandika kwenye daki webu, ndo mkanganyiko ukakua hivyo.

Daki webu sasa ni kitu kingine. Ni kipande kidogo tu ambacho kimefichwa makusudi na huwezi kukifungua kwa Chrome au Opera ya kawaida, unahitaji programu yake. Zipo kadhaa, I2P ni mojawapo, ila inayojulikana zaidi ni Tor. Tovuti zake zinaishia na .onion na anwani yenyewe ni herufi na namba 56 zilizochanganywa ambazo hakuna binadamu anayezikariri. Wazo lake lilitoka kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, na baadaye mwaka 2006 likaundwa shirika lisilo la faida, Tor Project, ndo linaiendesha mpaka leo. Jinsi inavyofanya kazi, chukulia barua iliyowekwa kwenye bahasha tatu, kila anayeipokea njiani anafungua bahasha moja na anaona tu jina la anayefuata, kwa hiyo wa kwanza anajua imetoka kwako lakini hajui inaenda wapi, wa mwisho anajua inapoenda lakini hakujui wewe.

Halafu hapa watu wengi wanateleza: kutumia Tor sio lazima uwe daki webu. Ukifungua tovuti ya kawaida ya habari kwa Tor bado upo intaneti ya kawaida, umeficha tu unapotokea. Na sio kila kilichopo .onion ni uhalifu, BBC waliweka tovuti yao huko 2019 ili wasomaji wa nchi zinazowafungia waipate, Facebook walitangulia 2014, na kuna magazeti yanapokea nyaraka za siri huko kutoka kwa watu ambao wakijulikana maisha yao yako hatarini. Uhalifu upo kweli, sikatai. Silk Road ilikuwa soko la madawa ya kulevya kuanzia 2011 mpaka FBI walipoifunga Oktoba 2013, AlphaBay ikafungwa 2017, na yanafunguliwa mengine. Ndo maana nakwambia ukitaka tu kuelewa haina haja ya kwenda kutembea huko, na kabla hujagusa Tor au VPN, yaani programu ya kuficha unapotokea mtandaoni, angalia sheria ya nchi uliyopo, Tanzania kwa mfano mamlaka ya mawasiliano TCRA walitoa tangazo Oktoba 2023 la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao.

Sasa kupima. Ukikutana na peji jiulize kwanza, je Google inaileta? Kama inaileta ni intaneti ya wazi, umemaliza. Kama haiileti, je inafunguka kwa brauza yako ya kila siku, hata kama ni mpaka ulogini? Hiyo ni dipu webu. Kama haifunguki bila programu maalumu kama Tor, hiyo ndo daki webu.

Jaribu kwa vitendo, na hili zoezi lifanye kweli maana lina faida kuliko yote niliyoandika hapo juu. Ingia Google Drive yako, chukua linki ya faili moja ambalo unaamini ni la siri, fungua dirisha la siri la brauza, lile lisilo na akaunti yako, bandika linki. Ikikwambia ulogini uko salama. Likifunguka lenyewe maana yake uliliweka kwenye "yeyote mwenye linki", na hapo usalama wako wote unategemea hiyo linki isivuje. Ikibandikwa kwenye tovuti ya wazi roboti inaweza kuifuata. Mwaka 2020 linki za kujiunga na magrupu ya WhatsApp zilianza kutokea kwenye Google kwa sababu watu walikuwa wamezibandika hadharani, magrupu ambayo wenyewe walidhani ni ya faragha. Ukiwa katibu wa kikoba na umeweka majina, namba za simu na namba za NIDA za wanachama kwenye shiti yenye linki ya wazi hivyo, kaifunge leo.

Kwa sababu njia ya taarifa zako kufika daki webu inaanzia huko dipu webu. Zinaibiwa kwenye akaunti au kwenye serva ya kampuni, kisha zinauzwa. Genesis Market, soko la mtandaoni lililofungwa Aprili 2023, ilikuwa inauza hivyo vitu, paswadi na taarifa za kulogini zilizochotwa kwenye kompyuta zenye virusi, na wenye kompyuta hawana habari.

Kuangalia kama imeili yako imo kwenye data zilizovuja huhitaji Tor, ingia tovuti ya Have I Been Pwned, ni bure, andika imeili tu, paswadi usiiandike. Akitokea mtu kukwambia ameona data zako daki webu umlipe azifute, usilipe, kitu kikishanakiliwa hakuna wa kukifuta. Wewe badilisha paswadi ya imeili kwanza kabla ya nyingine zote, maana akaunti zako karibu zote paswadi zinarudishwa kupitia hapo, usitumie paswadi moja kila mahali, halafu washa uthibitisho wa hatua mbili, na ukiweza tumia app inayokupa namba za uthibitisho badala ya sms, kwa sababu mtu akifanikiwa kurinyu laini yako hizo sms zote zinaenda kwake.