Kuwaonyesha Wageni Nyota Msimbati: Anza na Maji, Nyota Baadaye

Kazi hii nilianzishwa na mzee mmoja wa Kijerumani niliyembeba kwenye bajaji yangu kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani. Alikuwa ameongoza wageni wa kutazama nyota kwenye jangwa la Namib kwa miaka mingi, na wiki mbili alizokaa kwetu alizimaliza akinung'unikia umande. Kule hewa ni kavu, wingu likipita watu wanasimuliana, na eneo la NamibRand lilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza. Alipoondoka aliniachia darubini yake ya mkono iliyochubuka, pamoja na daftari. Nusu ya daftari lile ni mambo ya jangwani, hapa hayanifai. Ninayoandika ni yale niliyojifunza upya kwenye mchanga wa Msimbati, kwa kijana yeyote wa Mtwara au Lindi anayetaka kuanza.

Mgeni akikuuliza, "Jumamosi una nafasi?" usimjibu kabla hujatazama kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani. Hiyo ndiyo kalenda ya kazi hii, kwa sababu inakwenda na mwezi. Tarehe 14 na 15 kaa nyumbani: mwezi mpevu unafuta nyota zote isipokuwa zile kubwa kubwa. Siku zako ni kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata. Ukibanwa sana, tarehe 20 inafaa kwa kipindi kifupi, maana baada ya kupevuka mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo unapata kama saa tatu za giza kabla haujatokeza baharini.

Kwa mwaka, hesabu Mei hadi Septemba. Mvua zetu huanza Desemba na kuishia Aprili. Oktoba anga linaweza kuwa jeupe bila wingu lolote, lakini watu wanachoma mashamba na moshi unatanda chini chini, nyota za upeoni zinapotea. Juni hadi Agosti tatizo ni kusi. Upepo ule unatikisa miguu ya darubini kiasi kwamba Zohali inacheza kama taa ya chombo. Keti nyuma ya mivinje, ushushe miguu ya darubini hadi mwisho.

Sasa maji. Hili halikuwemo kabisa kwenye daftari la mzee, na ndilo lililotaka kuniaibisha.

Usiku mzuri wa giza ni usiku wa bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, hakuna namna ya kuvitenganisha. Mwezi unapoandama, maji kwetu hujaa mnamo saa kumi jioni, yakapwa hadi mwisho mnamo saa nne usiku, kisha yakarudi kujaa saa kumi alfajiri. Kila siku inayofuata huchelewa kidogo, kama mwezi wenyewe unavyochelewa. Mwaka wangu wa pili niliwapeleka wageni wanne mwanzoni mwa Mei kuvizia vimondo vya Eta Akwarii, yale makombo ya nyotamkia ya Halley ambayo dunia hupita ndani yake kila mwaka siku hizo. Huonekana vizuri alfajiri. Basi saa nne usiku nikatandika majamvi chini kabisa, kwenye mchanga mgumu, kwa sababu huko miti haizibi anga. Tukanywa chai, tukajilaza, wakasinzia. Na mimi nikasinzia. Saa nane na nusu nilihisi ubaridi kisiginoni nikadhani ni umande. Nilipogeuka, chupa ya chai ilikuwa inaelea, na kiatu kimoja cha mama mmoja wa Dodoma kilikuwa kimeshaanza safari ya Msumbiji. Hatukukiona tena. Asubuhi yake babu mmoja mvuvi, aliyekwishapata habari zote, aliniita: "Mjukuu wangu, unawatazamisha watu juu, chini unamwachia nani?"

Tangu siku hiyo nafika ufukweni jua likiwa bado lipo, natafuta ule mstari wa mwani mkavu na vijiti, mahali maji ya mwisho yalipofika, kisha natandika hatua kumi juu yake. Miti ikiziba kidogo, acha izibe.

Mchana huohuo maliza mambo ya ruhusa. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo mgeni ana kiingilio cha kulipa, na mwambie mapema asije akadhani umemtapeli. Halafu pita ofisi ya kijiji, uage. Tuko karibu na mpaka, na watu sita wanaomulikamulika ufukweni usiku bila taarifa ni jambo la kuwakosesha watu usingizi. Na kasa hutagia kwenye fukwe hizi. Ukimwona anapanda, zima kila kitu, hata taa nyekundu, kaeni kimya mpaka amalize. Kuna usiku mgeni alikuja kwa ajili ya nyota akaondoka anazungumzia kasa tu. Pesa niliipokea vilevile.

Vifaa visikutishe. Majamvi, mashuka (Julai usiku unapoa, wageni wa Dar hawaamini), chupa mbili za chai ya tangawizi, tochi mbili zilizofungwa karatasi ya nailoni nyekundu kwa mpira, na darubini moja ya mkono. Iliyoandikwa 10x50 inatosha: inakuza mara kumi na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 50. Kwa hiyo tu utaonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii, ukiegemea mti mkono usitetemeke. Darubini kubwa ya kioo nunua ukishapata wateja. Ukiwa nayo, adui wako ni umande na chumvi. Izungushie mdomoni bomba la kadibodi linalozidi kwa shubiri moja na nusu, umande utachelewa kufika kwenye kioo. Dawa ya mbu wapake wageni kabla hawajashika chochote, kisha wafute vidole. Dawa zile kali zinakula plastiki. Yangu ina alama za vidole vya mtu mmoja hadi leo.

Kalamu ya mwanga wa kijani usiikimbilie. Ni hatari kwa macho, na kwa marubani wanaoshuka Mtwara ni hatari zaidi. Kuonyesha nyota kuna njia ya zamani: nyoosha mkono, ngumi yako ni nyuzi 10 za anga, shubiri yako ni nyuzi 20. "Toka ncha ya mnazi ule, panda shubiri moja, sogea ngumi moja kulia." Mtoto na mtu mzima wote wanafika palepale, kwa sababu mwenye mkono mfupi ana ngumi ndogo.

Nusu saa ya kwanza usionyeshe nyota yoyote. Giza linakamilika mnamo saa moja na nusu, lakini jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea, na ujumbe mmoja wa simu unairudisha kazi yote mwanzo. Mimi nina kapu la ukili. Simu zote zinaingia humo, nalifunika kanga, nalikalia. Watu wamenikasirikia. Halafu nawapa ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, iliyochemshwa na chumvi na pilipili, wamenye kwa vidole gizani, maana mtu anayemenya ming'oko hakumbuki simu. Mwanzoni namwambia kila mmoja autazame mkono wake: hauoni. Tukimaliza kula namwambia autazame tena, naye anaona vidole, anaona hata kivuli cha mivinje. Kaa ukiupa mgongo upande wa bara, kwa sababu mwangaza wa mtambo wa gesi wa Madimba unapanda angani upande huo.

Wakishaona mikono yao, anza na kibla. Makka na Mtwara ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini kabisa, si kama huko kwingine wanakopinda. Nawaambia wasimame kama wanaosali, kisha wageuke nyuma. Mei mnamo saa tatu usiku, huko walikogeukia, ngumi nne juu ya upeo, umesimama Msalaba wa Kusini. Chukua mti wake mrefu, urefushe kuelekea chini mara nne na nusu. Hapo unapofika, ngumi moja tu juu ya upeo, hakuna nyota ya maana, lakini ndipo anga lote la kusini linapozungukia. Ngumi moja kwa sababu Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Wageni wa Ulaya wataulizia Nyota ya Kaskazini; waambie kwetu iko chini ya upeo, ila wageuke waone Dubu Mkubwa, zile nyota saba mfano wa upawa, umepinduka juu ya minazi. Usiku mmoja, upawa huku na msalaba kule. Huko kwao hawana.

Giza likiingia tu, upande wa kusini-magharibi, shubiri moja juu, Mei bado ipo nyota ya Suheli. Manahodha wetu wa zamani waliita kusini kwa jina hilo, suheli. Hii usiiache, hata kama mgeni ni wa Masasi, bara kabisa. Hasa kama ni wa Masasi.

Kushoto mwa Msalaba kuna nyota mbili kali. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kentauri, na mwanga wake umesafiri miaka minne na ushee kutufikia. Hapa ninanyamaza, kisha namuuliza kila mmoja alikuwa wapi mwanga huu ulipoondoka. Msichana mmoja wa darasa la nne alifikiri, akasema, "Nilikuwa chekechea, nalia." Baba yake hakusema alikuwa wapi.

Julai na Agosti utakuwa na kundi la nyota la Nge karibu utosini, na nyota nyekundu ndiyo moyo wake. Watu hudhani nyekundu ndiyo yenye moto zaidi. Watajie mhunzi: chuma huanza wekundu, kikizidi moto huwa cheupe. Moyo wa Nge ni baridi kuliko nyota nyeupe zinazouzunguka. Pale pale mkia wa Nge ulipo ndipo Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokata anga, ilipo nene kupita kote, maana tunatazama upande wa kitovu chake, mwendo wa mwanga wa miaka kama 26,000. Yale mabaka meusi si matundu, ni vumbi linaloziba nyota za nyuma. Watu wa milima ya Andes waliyaona mabaka hayo wakamchora mnyama wao lama. Kitu hafifu wafundishe kukitazama kwa pembeni ya jicho, sehemu ile ya jicho inaona vizuri zaidi gizani.

Sayari hazikai mahali pamoja, kwa hiyo mchana fungua programu ya Stellarium kwenye simu ujue Zuhura na Mshtarii ziko wapi leo. Usibahatishe mbele ya wageni.

Na utaulizwa, hasa na wenyeji, uwatazamie nyota zao: ndoa, biashara, mwenye husuda. Mimi husema yangu ni falaki, ramli iko kwa wengine. Wapo wanaoniona mchoyo.

Saa tano na nusu inatosha. Rudisha simu, hesabu viatu. Nyumbani futa chumvi kwenye mwili wa darubini kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi, lakini kioo usikiguse; kiache wazi chumbani kikauke chenyewe hadi asubuhi, ndipo ukifunike na kukiweka kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.