Maji yanaingia ndani ya gari lako la zamani? Hivi ndivyo mimi navyoyatafuta mpaka nayapata

Vuli ikishaanza hapa Mwanza, zile mvua zinazotoka ziwani usiku wa manane na radi zake, asubuhi najua kabisa simu itaita. "Fundi, nimeingia kwenye gari nimekanyaga kapeti maji yanachuruzika." Mara nyingi ni Carina, Corolla, Spacio, RAV4 zile za mwanzo, Mark II, gari ambazo injini bado inadai kabisa ila mipira imekauka na gari imeshapita kwa mafundi wengi, na kila aliyefungua kitu hakukirudisha kama alivyokikuta.

Kitu cha kwanza naomba ukishike kabla hujashika bisibisi: maji yanapoonekana sipo yanapoingilia. Maji yanatembea ndugu yangu. Yanaingilia juu, yanashuka na waya, yanafuata ukingo wa bodi, yanakuja kujikusanya pale penye bonde. Na mji wetu huu wa milima na mawe ndo unachanganya zaidi, mtu anakaa huko juu Bugando au Mabatini gari inalala pua ikiangalia mlimani, basi maji ya mbele yote yanakwenda miguuni kwa abiria wa nyuma. Niliwahi kuletewa Spacio ya hivyo, nikamwagia maji hapa gereji Nyakato kwenye tambarare, kavu kabisa, nikamwambia mwenye gari haina shida. Mvua ya kwanza akarudi, kapeti limelowa. Safari hii nikamuuliza unapakije nyumbani, akanionyesha kwa mkono, nikanyanyua mbele kwa jeki nikaweka stendi, maji yakaonekana ndani ya dakika chache. Tangu siku hiyo swali la kwanza kwa mteja ni hilo, gari inalalaje.

Kwanza jua ni maji gani. Usianze kuziba. Kama kapeti linalowa hata kiangazi, na ni mbele upande wa abiria, na unatumia AC, hiyo sio mvua. AC inatengeneza maji yake na kuna kimpira kinayatoa chini ya gari, kikiziba kwa vumbi na takataka maji yanarudi ndani. Washa AC dakika 20 uangalie chini, kama hakuna matone tafuta huo mpira kwenye ukuta wa injini, pitisha waya laini taratibu au puliza upepo kidogo kutokea chini, yatamwagika yote kwa mpigo. Kazi imeisha, hujatumia hata mia.

Kama maji yana rangi, yanateleza kwenye vidole, yana harufu kama ya utamu na kioo cha mbele kinaota ukungu wenye mafuta, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inavuja kwenye hita. Usiyaonje, ile ni sumu, na watoto wasikae humo. Hapo kazi ni ya hita, nenda kacheki kibakuli cha rejeta utakuta kimepungua. Yakiwa maji ya kawaida tu na yanakuja baada ya mvua au baada ya kuosha gari, endelea kusoma.

Vua ndani, usione uvivu. Hapa ndo watu wengi wanakwepa. Kapeti juu unaligusa limekauka lakini chini yake kuna sponji nene, ile inakaa na maji hata wiki kadhaa, ndo harufu ya uvundo inatoka hapo na bati linaliwa na kutu kimya kimya. Viti vya Toyota nyingi ni bolti nne za spana 14 kila kiti. Ukiona soketi ya njano chini ya kiti ujue ni ya eabegi au mkanda, toa waya wa negativu kwenye betri, subiri dakika kama 10 ndo uichomoe, na usiwashe swichi kabla hujairudisha. Vile vya plastiki vya chini mlangoni, pale unapokanyaga ukiingia, vinavutwa kwenda juu, ni vya klipu, vuta taratibu vya zamani vinakatika. Na usiache kuangalia kwenye kona ya miguu ya abiria wa mbele, kwenye gari nyingi kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekaa jirani na hapo, ikiingia maji utakuja kubadilisha kitu cha bei mbaya kwa ajili ya tundu la kupitisha njiti.

Bati likishakuwa wazi usilifute kwanza, liangalie. Vumbi letu la mitaani linasaidia hapa, maji yakipita yanaacha mstari wa tope kama njia ya siafu, ufuate huo mstari kwa tochi kurudi nyuma, kwenda juu. Mara nyingi unakupeleka nusu ya safari. Ukishaona ndo ukaushe kabisa, maana kwenye bati bichi huwezi kujua tone jipya ni lipi.

Sasa mwagia maji, lakini kwa utaratibu. Mnatakiwa wawili. Mmoja anakaa ndani milango imefungwa na tochi ya simu, mwingine nje na mpira wa maji wa kawaida. Usitumie presha ya kuoshea magari, ile inapenyeza hata kwenye mpira mzima na utaziba pasipo na shida. Anzia chini. Mlango chini dakika 5, mlango katikati, dirisha, halafu kioo cha mbele ukingo wa chini, pembeni, juu, paa ndo la mwisho. Ukianza na paa maji yanalowesha kila kitu kwa mara moja na hujui nani kaingiza. Aliyeko ndani asikae tu kama abiria, ainame chini ya dashibodi, aguse waya kwa vidole. Kwenye ile Spacio niliona tone moja dogo linatambaa kwenye fungu la waya kama mdudu, linasimama, linavimba, linadondoka, linafuata lingine. Tundu lenyewe lilikuwa ule mpira mweusi ambao waya zinapita kutoka kwenye injini, fundi mmoja wa alamu alipitisha waya wake kwa kuutoboa akaacha hivyo hivyo.

Kuna mbinu nyingine nzuri kwa kioo cha mbele na taa za nyuma: funga vioo vyote, washa feni ya ndani mpaka mwisho kwenye hewa ya nje, halafu nje pakaza maji ya sabuni kwenye ukingo. Upepo unaotoka utapiga mapovu palepale penye upenyo.

Washukiwa wangu. Wa kwanza kabisa ni mlango, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu nimewahi kumaliza kopo zima la gundi kwenye kioo cha Carina ya mteja kumbe shida ilikuwa mlangoni, na hela yake nikamrudishia. Kila mlango wa gari unaingiza maji, umetengenezwa hivyo. Mvua inashuka na kioo inaingia ndani ya mlango inatokea kwenye vitundu vya chini. Kinachozuia yasije kwako ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya lile pambo la ndani. Sasa fundi wa madirisha ya umeme akija anaichana, akimaliza anarudisha pambo nailoni anatupa. Fungua pambo, utaikuta imening'inia au haipo, na ile gundi nyeusi imekauka inakatika kama mkaa. Nunua nailoni nzito ile inayotandikwa chini ya zege, inauzwa kwa mita maduka ya vifaa vya ujenzi, kata kwa kufuatisha mlango, bandika na ile gundi nyeusi ya utepe isiyokauka. Ukingo wa chini lazima uingie ndani ya mlango, usibaki nje, yaani maji yakiteleza kwenye nailoni yarudi mlangoni. Halafu zibua vitundu vya chini kwa kijiti, mlango ukitikisika unasikia maji ndani ujue vimeziba.

Wa pili ni chini ya wipa. Ukipaki chini ya mwembe au mkungu majani yanajaa mle ndani, yanaoza yanakuwa udongo, maji yanakosa njia yanapanda mpaka kwenye tundu la hewa yanaingia kwa abiria. Vua wipa na lile plastiki, toa uchafu kwa mkono, fanya hivi kila kabla ya msimu wa mvua.

Wa tatu kioo cha mbele, hasa kama kimewahi kubadilishwa. Hapa nasema kwa herufi kubwa, USIPAKE SILIKONI ILE INAYONUKA KAMA SIKI. Inakula bati, kutu inaanza chini ya gundi huioni, na siku ukitaka kufanya kazi ya kweli gundi ya vioo haishiki juu ya silikoni. Dawa ni fundi wa vioo akitoe, kutu isuguliwe, ipigwe praima, kibandikwe upya kwa gundi yake, na gari isitembee mpaka upite muda ulioandikwa kwenye kopo.

Buti likilowa cheki mipira ya taa za nyuma, kisha vile vidirisha vya hewa nyuma ya bampa, kisha shimo la tairi la spea. Paa: mguu wa antena na bolti za relingi. Mpira wa mlango wenyewe huwa nautilia shaka mwisho, fungia kipande cha karatasi mlangoni ukivute, kikitoka bila kubana hapo mpira umechoka.

Kurudisha. Sponji ioshe kwa sabuni, ianike juani juu chini, kwa jua letu siku mbili tatu, ikiwa na ubichi hata kidogo usiirudishe. Bati lenye kutu piga msasa, praima, rangi. Soketi zenye ukijani safisha kwa spirei yake. Halafu usiwe na haraka na kapeti. Mwagia tena maji ukifuata utaratibu uleule, na kama msimu wa mvua unaruhusu tandika magazeti kwenye bati tupu, paki gari nyumbani vilevile inavyolalaga siku zote, subiri inyeshe. Asubuhi gazeti likiwa kavu kila kona, ndo ulaze kapeti.