Kuweka vipande vya PE kwenye Celica ya Safari, skeli ya 1/24

Kama unayo ile modeli ya plastiki ya kuunganisha ya Toyota Celica TA64 kutoka kampuni ya Beemax, gari ya Safari Rally ya 1985 aliyoshinda Juha Kankkunen na navigeta wake Fred Gallagher, utakuta vipande vya PE (photo-etch, vipande vidogo vya chuma vya kuongeza kwenye modeli) vinauzwa kwenye pakiti ya pembeni, na swali la kila mtu huwa ni hilohilo: niviweke vyote? Mimi nasema hapana. Chagua.

PE ni bati jembamba la brasi au nikeli, mchoro unachapwa juu yake kama picha alafu asidi inakula sehemu zisizotakiwa. Faida yake ni wembamba tu. Piga hesabu mwenyewe, bati la mm 0.15 ukizidisha mara 24 unapata mm 3.6, hapo waipa inakaa kama waipa, wakati ile ya plastiki yenye mm 0.8 ingekuwa na unene wa karibu sentimita 2 kwenye gari halisi, nani amewahi kuona waipa nene hivo? Lakini bati ni bapa, kwaiyo kitu chochote cha mviringo kama bomba achana nacho. Bulbaa (vyuma vya kinga) ya mbele, antena, mabomba ya keji ya kumlinda dereva ndani, hizo bakiza plastiki au tumia waya. PE iweke kwenye waipa, nyavu za grili, bakoli (vifungo) za mikanda ya siti, pini za boneti, pedali na diski za breki. Na uangalie picha za gari lenyewe kwanza, maana Toyota walishinda Safari na hii TA64 miaka mitatu mfululizo, 1984 mpaka 1986, na gari za mwaka mmoja na mwingine hazifanani kila kitu.

Vifaa havina mambo mengi. Kisu cha hobi chenye blade mpya (blade butu inakunja kipande kabla haijakata), kibano chenye ncha nyembamba, tupa ndogo, msasa wa 600, supaglu ya majimaji na ile nzito ya jeli, gundi nyeupe ya maji, spiriti ya kusafishia, na kigae cha bafuni kilichobaki fundi alipomaliza. Kigae ni muhimu kuliko unavodhani. Ukikatia kwenye mati laini bati linazama na kipande kinatoka kimepinda, kwenye kigae au kioo linakatika palepale.

Kabla ya kukata bandika maskin tepu nyuma ya fremu nzima (lile bati linaloshikilia vipande vyote), ndo kipande kisiruke kikapotelea kwenye zulia. Kata kishikizo, kile kijisehemu kinachounga kipande na fremu, karibu kabisa na kipande, bonyeza kisu chini moja kwa moja, usivute. Kinundu kinachobaki kipitishe kwenye tupa taratibu ukielekea upande wa urefu wa kipande, ukienda kukingama utakipinda.

Kukunja sasa. Ukiona mstari uliochimbwa nusu kwenye bati, huo ndo mkunjo, na kwa kawaida mstari unabaki upande wa ndani wa kona, isipokuwa maelekezo yaseme vingine. Kama huna kifaa cha kukunjia, lalia kipande kwa rula ya chuma mpaka kwenye mstari, ingiza wembe chini ya upande wa pili, inua mara moja bila kusitasita. Ukirudisha na kukunja tena na tena brasi inakatika. Vipande vya kuviringisha kidogo, mfano utepe wa bati, pitisha kwanza kwenye moto wa kibiriti cha gesi mpaka rangi ibadilike, acha upoe, utalainika. Waipa usizichome lakini, zile zinatakiwa zibaki ngumu.

Rangi haikamati brasi tupu, itabanduka ukigusa. Safisha na spiriti, kisha praima ya metali (Mr. Hobby na Tamiya wote wanayo) kabla ya rangi. Vitu vidogo vipige rangi vikiwa bado kwenye fremu, alafu ukishakata gusia tu pale kwenye kishikizo.

Mikanda ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndo inayokula muda. Usitumie mikanda ya bati hata kama imo kwenye fremu, inasimama kama mbao. Tumia utepe wa kitambaa au tepu nyembamba iliyopakwa rangi, chukua bakoli moja na kibano, pitisha utepe kutoka chini, juu ya kile kipau cha kati, urudi chini, vuta mpaka ukae sawa. Ncha ya utepe ipake supaglu kidogo na uikate mshazari kwanza, la sivyo inachanika nyuzi na haitaingia kwenye tundu. Ukiweka kwenye siti ubonyeze ufuate mikunjo ya siti, mkanda wenye uzito unalala, hauelei.

Kwenye gundi, tia tone la supaglu kwenye kipande cha foili, chovya ncha ya sindano, gusa pale penye kiungo, basi. Kidogo kabisa. Jeli ni ya vipande unavotaka nafasi ya kusogeza. Asetoni inaondoa supaglu iliyomwagika, ila inayeyusha plastiki pia, kwaiyo iwe kwa chuma peke yake. Na karibu na vioo supaglu ni marufuku, moshi wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo, hapo ni gundi nyeupe. Nyavu za grili nazo nazishika kwa klia (vanishi isiyo na rangi) tu, unagusa pembeni inajisambaza yenyewe.

Mpangilio: diski, pedali na mikanda kabla ya kufunga bodi, pini za boneti baada ya stika na klia, maana ukizitia mapema klia inazizamisha na hutoweza kupiga msasa.

Waipa zinakuja mwisho kabisa, baada ya vumbi, kwa sababu Safari bila vumbi jekundu si Safari. Kata maskin tepu umbo la upinde ambao waipa inafagia, bandika kwenye kioo cha mbele, puliza rangi ya vumbi nyepesi kwenye gari zima, bandua tepu, kioo kitabaki safi pale tu panapofagiwa. Waipa zenyewe nyeusi isiyong'aa, kunja mkono wake kidogo ili blade iguse kioo, na miguu yake ishike kwa tone la gundi nyeupe.