Usianze na uso

Ukikutana na mchoro wa maandalizi, ule wa kujaribia kabla ya picha yenyewe, wa Ingres, yule mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, usikimbilie uso. Anza na mikono. Mara nyingine utamkuta mtu mmoja ana mikono mitatu au minne: msanii alijaribu mkao, haukumridhisha, akachora mwingine papo hapo bila kuufuta wa kwanza. Hapo ndipo unamwona akifikiri. Kisha sogea pembeni uitazame karatasi kwa mshazari. Penseli ya grafiti hung'aa kidogo kama chuma, chaki nyeusi hubaki imefifia. Kwenye simu mng'ao huo hauonekani, basi ikuze picha ufuate mstari mmoja tu, wa bega kwa mfano, uone ulipokandamizwa na ulipoguswa kidogo. Mimi hupotelea hapo nusu saa nzima.