Kabla hujanunua mashine ya kupandisha boti juu ya gari

Bega langu la kulia haliinui kitu tangu mwaka 2019. Mwanangu alipokuwa bado nyumbani hapa Jinja tulikuwa tunabeba boti wawili, yeye mbele mimi nyuma, moja, mbili, tatu, iko juu ya keria. Sasa yuko Gulu kikazi, na mimi bado nataka kufika Masese alfajiri kutafuta sangara. Boti yangu ni ya alumini, futi 12, kilo 68. Peke yangu siipandishi bila mashine.

Mashine yenyewe ni mikono ya chuma au alumini inayofungwa kwenye keria, pamoja na winchi ya kuvuta. Nimeshakuwa na mbili. Ya kwanza niliinunua kwa pupa, na kosa langu lilikuwa la hesabu.

Kitabu cha gari nililokuwa nalo kiliandika kwamba paa libebe kilo 80. Nikasema boti ina 68, basi imeingia. Sikuihesabu keria, kilo 30. Sikuihesabu mashine, kilo 28. Jumla ni 126. Fundi wa kuchomea akapanda ngazi, akaweka kidole pale mguu wa keria ulipokuwa umebonyeza bati, akanionyesha rangi iliyopasuka kama ganda la yai. "Mama, injini inavuta," akaniambia. "Paa ndilo linalokataa."

Kwa hiyo anza na kitabu cha gari, usianze na duka. Toa uzito wa keria, toa uzito wa mashine. Kinachobaki ndicho haki ya boti. Usiamini namba ya muuzaji: peleka vyuma kwenye mizani ya magunia ya mahindi uvipime mwenyewe. Kisha soma keria inaruhusu kilo ngapi. Baadhi ya watengenezaji hutaka namba ya lami uigawe kwa moja na nusu ukiingia barabara mbaya. Keria yangu ya sasa ni ya kilo 150, kwa hiyo kwenye vumbi nahesabu 100. Boti na mashine ni 96. Inatosha, ila hapo siongezi hata kasia.

Ndiyo maana nilibadilisha gari nikachukua Land Cruiser ya zamani yenye mfereji wa mvua pembeni mwa paa. Miguu ya keria inakaa kwenye mfereji, jozi tatu, mzigo unagawanyika.

Ukishapata uzito, amua boti ipandie wapi. Mashine ya ubavuni huilaza boti sambamba na gari, huisimamisha kwa ubavu, kisha huigeuza juu. Ni nzuri ukiwa na uwanja mpana. Lakini fikiria mwalo asubuhi: wachuuzi, bodaboda, nyavu zilizotandazwa na dagaa, mukene wenyewe, wanaanikwa hadi karibu na tairi. Utamwambia nani asogee? Mimi nilichagua ya nyuma. Narudisha gari kinyumenyume hadi karibu na maji, boti inashuka moja kwa moja majini.

Ya nyuma ina mtego wake: tairi la akiba likiwa kwenye mlango, nguzo ya mashine inaweza kuuzuia usifunguke. Fungua mlango wote mashine ikiwa imefungwa, kabla hujatoa hela. Injini ya boti inasafiri humo ndani. Usiipandishe juu kamwe. Uzito wa juu ndio unaoyumbisha gari kwenye kona, na anayeteremka kwenda Butiaba, Ziwa Albert, anajua mteremko ule haumsamehi mtu.

Kuhusu winchi nina msimamo mkali. Ile ya mkono iwe na breki inayojishika: ukiachia mpini, mzigo usimame palepale. Ijaribu boti ikiwa nusu ya safari, huku umesimama pembeni, si chini yake. Ile ya umeme wa volti 12 ni raha kwa bega kama langu, lakini iwe na fyuzi karibu na betri na iwe na mpini wa dharura. Ya kwanza haikuwa na mpini. Swichi iliingia maji, boti ikabaki inaning'inia na jua linazama. Vijana wa bodaboda watano ndio walioishusha, Mungu awabariki. Na chukua mkanda badala ya waya. Waya ukianza kukatika hutoa miiba inayochana viganja.

Bolti zote ziwe na nati zenye plastiki ndani, maana barabara zetu za vumbi hufungua kila kitu. Nikisafiri, boti ikiwa imepinduliwa kifudifudi, naifunga mikanda miwili juu ya keria, halafu kamba mbele na nyuma hadi kwenye bampa. Baada ya kilomita 20 nasimama, nakaza tena. Sijawahi kukuta haijalegea.

Fundi wa kukufungia mlipe nusu kwanza. Nusu ya pili mpe baada ya wewe mwenyewe, peke yako, kuipandisha boti na kuishusha mara tatu mbele yake.