Mkubwa Aseme Mwisho: Namna ya Kufikia Uamuzi na Timu Hospitalini

Kikao kinachozaa uamuzi mbovu mara nyingi ni kikao kitulivu. Daktari mkuu anafungua kwa kusema, "Mimi naona tufanye hivi, ninyi mnaonaje?" Vichwa vinaitikia, katibu anaandika "wajumbe waliafiki," na wiki mbili baadaye wodi zinaendelea kama zamani. Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye angeweza kueleza kwa nini mpango ule hautatekelezeka, alikuwa ameketi kiti cha nyuma na hakuulizwa. Hospitali inajaza watu wenye ujuzi tofauti katika chumba kimoja, kisha mpangilio wa vyeo unawanyamazisha wote isipokuwa mmoja. Dawa yake ipo, na sehemu kubwa hufanyika kabla mtu hajafungua mdomo.

Jua kwanza ni uamuzi wa aina gani

Uamuzi wa dharura hupimwa kwa dakika: mgonjwa ameacha kupumua, mama anavuja damu. Uamuzi wa mgonjwa mmoja hupimwa kwa saa au siku: apasuliwe au asubiri, aruhusiwe leo au Jumatatu. Uamuzi wa mfumo huchukua wiki: ratiba ya zamu, mpangilio wa dawa, matumizi ya vitanda. Kiongozi anayeendesha kikao cha ratiba kama anavyoongoza ufufuaji wa mgonjwa atapata utii bila taarifa. Anayeendesha ufufuaji kama kikao cha ratiba atampoteza mgonjwa.

Mtaje mwenye uamuzi kabla ya mjadala

Sema mwanzoni, kwa maneno yasiyo na utata, uamuzi utafikiwaje. Ama kiongozi ameshaamua na anatoa taarifa. Ama ataamua mwenyewe baada ya kusikiliza. Ama timu itajadili mpaka ikubaliane. Ama suala limekabidhiwa kwa mtu wa ngazi ya chini na yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa mambo mengi ya mfumo, njia ya pili ndiyo inayofaa. Kinachowaudhi watumishi si kiongozi kuamua peke yake. Ni kuitwa "kuamua" kumbe wameitwa kutoa maoni, au kuitwa kutoa maoni juu ya jambo ambalo barua yake imeshatiwa saini.

Kura ziepukwe. Wajumbe tisa wakipenda chanjo ihamishiwe chumba cha pili na mfamasia mmoja akasema chumba hicho hakina jokofu linaloshika nyuzi joto kati ya 2 na 8, hesabu ya mikono haina maana. Aliye sahihi ni yule mmoja.

Kikao cha dakika 45

Chukua mfano wa tatizo la kawaida: dawa za saa 1 asubuhi zinaangukia muda uleule ambao zamu ya usiku inakabidhi kwa zamu ya mchana. Dozi zinachelewa, nyingine zinarukwa, na kila zamu inadhani nyingine imeshatoa.

Siku mbili kabla, sambaza karatasi moja, isizidi ukurasa. Iwe na swali lenyewe katika sentensi moja ("Tubadilishe saa ya dawa, saa ya makabidhiano, au mtu anayetoa dawa?"), takwimu za siku 14 zilizohesabiwa kutoka kwenye chati za dawa, njia tatu zikiwemo ya kuacha mambo yalivyo, na mipaka ambayo haijadiliwi, kwa mfano kwamba hakuna ajira mpya mwaka huu. Swali likiandikwa kama "Kuboresha utoaji wa dawa," kikao kitazungumzia kila kitu na hakitaamua chochote.

Waite watu watano hadi wanane. Wakizidi hapo, wanne wataongea na wengine watasikiliza. Katika mfano huu lazima awepo muuguzi wa zamu ya usiku (kikao kipangwe saa inayomfaa, si saa anayohitaji kulala), mfamasia, daktari wa wodi na mtu anayepanga ratiba. Mkuu wa idara asiye na kazi katika utekelezaji apewe muhtasari tu.

Kisha gawa muda hivi:

1. Dakika 5: kiongozi anasoma swali, anataja mwenye uamuzi, anathibitisha takwimu. Hatoi maoni yake.
2. Dakika 5 za kimya: kila mtu anaandika njia anayoipendekeza na kikwazo kikubwa anachokiona.
3. Dakika 15: kila mmoja anasoma alichoandika, kuanzia wa cheo cha chini. Hakuna kujibu wala kukatiza.
4. Dakika 10: mjadala, lakini wa zile hoja mbili au tatu tu zinazopingana.
5. Dakika 5: zoezi la kushindwa (linaelezwa hapa chini).
6. Dakika 5: uamuzi, jina la mtekelezaji, tarehe.

Zile dakika tano za kimya ndizo watu hutamani kuziruka, na ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote. Watafiti André Delbecq na Andrew Van de Ven walieleza utaratibu wa namna hii mwaka 1971. Aliyeandika kabla ya kusikia wengine hawezi tena kujifanya alikuwa na wazo lilelile la bosi. Tena, kwa mtumishi mdogo, kusoma kilichoko kwenye karatasi ni kwepesi kuliko kumpinga mkubwa uso kwa uso. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu walikubaliana na jibu ambalo macho yao yaliona wazi kuwa si sahihi, kwa sababu tu kundi zima lilisema hivyo. Alipokuwepo mwenzao mmoja tu aliyetoa jibu tofauti, kufuata mkumbo kulipungua sana. Kwa hiyo karatasi mbili zenye pingamizi lilelile, zilizoandikwa bila kushauriana, zinatosha kubadili kikao.

Kiongozi aseme mwisho, na alinde uso wake pia. Kuguna, kuangalia saa, au kumwambia mmoja "hilo ni wazo zuri" na kunyamaza kwa anayefuata ni sawa na kupiga kura mapema. "Kuna mwenye swali?" si swali, jibu lake siku zote ni kimya. Uliza linalodai jibu: "Usiku, mkiwa wawili na wagonjwa 30, hatua ipi itakuwa ya kwanza kurukwa?"

Zoezi la kushindwa linatokana na Gary Klein, mwanasaikolojia wa maamuzi. Waambie wajumbe: "Miezi mitatu imepita, mpango huu umeshindwa kabisa. Andikeni sababu." Usiulize kama unaweza kushindwa, sema umeshashindwa. Tofauti ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa matokeo, kwa kuwa kutafuta dosari sasa ndiyo kazi aliyopewa mtu, si utovu wa adabu. Katika mfano wetu hapa ndipo yanapotoka mambo kama: dawa zikisogezwa hadi saa 2, zinagongana na raundi ya madaktari, wagonjwa wanaotakiwa kumeza dawa kabla ya kula watakuwa wameshapata chai.

Wakati wa dharura, geuza utaratibu

Hapa sauti moja ndiyo inayoamuru. Kiongozi asimame miguuni mwa kitanda, mikono yake ikiwa huru. Akishika kazi ya kubana kifua au kutafuta mshipa, macho yake hubaki hapohapo na hakuna tena anayeona picha nzima. Amri itolewe kwa jina, si hewani. "Nipeni adrenalini" huleta watu wawili au asije hata mmoja. Mtaje mtu: "Wewe muuguzi wa dawa, adrenalini miligramu 1 mshipani." Anayepokea anarudia dawa na kipimo, kisha anatangaza "imeingia," na mwandishi anaandika saa.

Kila dakika mbili, wakati mapigo yanapoangaliwa, kiongozi aseme kwa sauti alipofikia: muda uliopita, dawa zilizotolewa, anachodhani ndicho chanzo. Amalizie na "Nimesahau nini?" Sentensi hiyo fupi humpa mtumishi wa chini kabisa ruhusa ya kusema.

Ruhusa hiyo isiachwe kwenye ujasiri wa mtu. Mwaka 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Muda mfupi kabla, fundi aliyekuwa pamoja na marubani wa ndege mojawapo aliuliza kama njia iko wazi. Rubani mkuu akajibu kuwa iko wazi, na fundi hakusisitiza. Urubani ulijifunza kufundisha namna ya kusisitiza, na tiba ikaazima. Fundisheni maneno matatu yanayopanda ngazi, yajulikane na wote: "Nina wasiwasi." "Sina amani na hili." "Hili ni la usalama, tusimame." La tatu likitamkwa, kazi inasimama, awe amelisema nani. Ukisema mara mbili bila kujibiwa, nenda kwa mkubwa wa juu yake. Huo ndio utaratibu, si uchongezi.

Mfano uliopimwa vizuri ni orodha hakiki ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, yenye vipengele 19. Hospitali nane katika nchi nane zilipoijaribu, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ndani yake kuna jambo linalodharauliwa: kabla ya kupasua, kila aliyemo chumbani anataja jina na kazi yake. Aliyeshatumia sauti yake mara moja huitumia tena kwa wepesi damu inapozidi. Orodha hiyo hufa pale inaposomewa ukuta huku daktari akinawa, au inapojazwa baada ya upasuaji kwa ajili ya faili.

Kwa simu za usiku tumieni mpangilio wa SBAR: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini, pendekezo. La nne ndilo huachwa. Muuguzi anaeleza vizuri shinikizo la damu na mapigo, kisha ananyamaza akitumaini daktari ataelewa kwamba anamtaka aje. Aseme: "Naomba uje sasa hivi."

Baada ya kuamua

Muhtasari uwe na mistari sita: uamuzi, sababu, nani alipinga na kwa hoja gani, nani atatekeleza, kipimo, tarehe ya kurudi. Mstari wa pingamizi ni wa heshima, na mpango ukikwama ndio wa kwanza kusomwa. Aliyepinga anatekeleza kama wenzake, isipokuwa jambo likigusa usalama wa mgonjwa.

Jaribuni wodi moja kwa wiki mbili kabla ya hospitali nzima. Pimeni vitu vitatu visivyozidi, kimojawapo kikiwa madhara ya pembeni: dozi zilizochelewa, dozi zilizorukwa, na dakika ambazo zamu ya usiku ilichelewa kwenda nyumbani. Bila hicho cha tatu mtasherehekea mafanikio yanayolipwa na watu waliochoka.

Jiandaeni pia kuona taarifa za makosa zikiongezeka. Mtafiti Amy Edmondson, katika utafiti wa makosa ya dawa uliochapishwa mwaka 1996, alikuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi, kwa sababu hazikuyaficha. Kiongozi anayeshtuka mwezi wa kwanza na kutoa barua za onyo atapata takwimu nzuri mwezi wa pili, na hatajua lolote kuanzia hapo. Mtoa taarifa ajibiwe ndani ya siku mbili, hata kama jibu ni "tumepokea, bado tunachunguza."

Tarehe ya kurudi ikifika, leteni karatasi ileile ya mwanzo na mlinganishe namba. Uamuzi ulioshindwa ufutwe kwa maandishi, zamu zote ziambiwe siku hiyohiyo, na tangazo lake libanduliwe ukutani, lisije likafuatwa na mgeni wa zamu ya Jumapili.