Anza na mikono: namna ya kumtazama mtumishi wa kaburini

Watu wakisimama mbele ya sanamu ya udongo ya mtumishi kutoka makaburi ya kale ya China, macho hukimbilia usoni. Mimi nakusihi uanze na mikono. Uso mara nyingi umetoka kwenye kalibu, na ndugu zake wanaofanana naye ni wengi. Kazi aliyopewa kumfanyia marehemu aliyezikwa naye imo mikononi.

Ngumi yenye tundu ilishika kitu, mara nyingi cha mti, nacho kimeoza zamani. Viganja vilivyozama ndani ya joho pana ni adabu ya kusimama mbele ya mkubwa. Na ukimkuta hana mikono kabisa, usiseme amevunjika. Huko Yangling, karibu na Xi'an, kwenye kaburi la mfalme Jing wa nasaba ya Han aliyefariki mwaka 141 KK, wamo watumishi wengi wa kimo cha sentimita 60 hivi, uchi, mabegani wana matundu. Mikono yao ilikuwa ya mbao na nguo zao za kitambaa. Udongo peke yake ndio uliovumilia.

Kisha tazama nywele. Mwanamke wa Han ya Magharibi, kipindi cha kwanza cha nasaba hiyo, kwa kawaida amezigawa katikati na kuzifunga chini, nyuma ya shingo. Basi zunguka umtazame mgongoni. Wa nasaba ya Tang (618–907) hujitambulisha mapema: mwanzoni ni mwembamba, sketi imefungwa juu kifuani, kuanzia karne ya 8 mashavu yanajaa na nywele zinapanda kama wingu.

Ubavuni tafuta mstari mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu ziliunganishwa. Ndani huwa tupu, ili udongo usipasuke tanurini.

Rangi nazo zina habari. Nyingi zilipakwa baada ya kuchoma, juu ya tabaka jeupe, kwa hiyo hubanduka upesi. Ukikabidhiwa sanamu kama hii, kitambaa kibichi kisiiguse hata kidogo! Zile za Tang zenye rangi ya kijani, ya kaharabu na ya maziwa zimefunikwa utando wa kioo uliochomwa, lakini kichwa mara nyingi kiliachwa bila utando huo kikapakwa rangi kwa mkono.

Mwisho soma kibao cha maelezo. Kikitaja kaburi, tafuta sanamu nyingine zilizozikwa pamoja naye: mpishi, mpiga zumari, farasi, ghala. Kisipotaja, uliza alipatikanaje, maana makaburi mengi yameporwa.